Miguu ya Mbele ya Motokaa ya Parokia

Hotuba ya mwalimu wa dini mmoja kwa makatekista, walimu wa shule na wazee wa vigango, katika siku za Jubilei



Mapadri waheshimiwa, Masista, walimu wenzangu, wazee wa vigango, nanyi baba na mama mlioacha mashamba yenu mkaja kusikiliza: nimepewa neno la kusema katika mkutano huu, nalo si neno la altare wala la darasa, bali ni neno la gereji. Katika siku za Jubilei twasimuliana habari za mapadri wa kwanza, twahesabu waliobatizwa na waliofunga ndoa, twataja makanisa yaliyojengwa. Mambo hayo yote ni mema. Walakini yuko mtumishi mmoja ambaye hatajwi na mtu ila siku anapolala njiani, naye ni motokaa ya parokia. Leo nataka tumtazame mtumishi huyu, tena si mwili wake wote, bali miguu yake ya mbele tu. Maana hiyo ndiyo iumiayo upesi katika nyanda hizi za Kibondo na Kasulu, nayo hula fedha za Wakristu bila kushiba.

Neno langu ni moja, nami nitalirudia mpaka mwisho: tusinunue chombo kipya kabla ya kuujua ugonjwa. Motokaa hulia mahali pamoja, na jeraha lake huwa mahali pengine. Anayetibu kilio bila kutafuta jeraha hutumia mali ya watu bure, na tena huweka roho za watu katika hatari.

Kwanza natukumbuke tulikotoka. Mapadri Weupe walifika Ujiji mwezi wa Januari mwaka 1879, baada ya safari ya miezi mingi kutoka Bagamoyo. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini reli haikupanda milima ya Buha. Mwaka 1946 iliundwa Vikariati ya Kigoma chini ya Askofu Jan van Sambeek, na mwaka 1953 ikawa jimbo. Katika miaka ile padri alikwenda vigangoni kwa miguu au kwa baiskeli, na katekista hata leo aghalabu huenda hivyo hivyo. Na huko Ujerumani, mwaka 1927, Padri Paul Schulte wa Shirika la Waoblati alianzisha chama kiitwacho MIVA, ambacho kazi yake ni kuwapatia wamisionari vyombo vya safari. Nia hiyo ilimjia baada ya mmisionari rafiki yake kufa kwa ugonjwa Afrika ya Kusini Magharibi, kwa kuwa hapakuwa na chombo cha kumfikisha upesi kwa daktari. Basi tangu mwanzo motokaa ya misioni haikuletwa kwa ajili ya heshima ya padri, bali ililetwa ili mtu asife njiani.

Kati ya motokaa za kazi, Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1948, na Land Cruiser ya namba 70, ambayo ndiyo nyingi katika barabara zetu leo, ilianza kutengenezwa mwaka 1984. Injini yake ya dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita, iitwayo 1HZ, ilitoka mwaka 1990. Ni injini yenye subira, haina mambo mengi ya umeme, na fundi wa kijijini aweza kuielewa. Lakini injini ya dizeli ni nzito, na uzito huo wote umekaa juu ya miguu ya mbele. Tangu mwaka 1993, walipokuja wakimbizi wengi kutoka Burundi, na tangu mwaka 1996, ilipofunguliwa kambi ya Nyarugusu kwa ajili ya ndugu zetu wa Kongo, motokaa za namna hii zimepita Kasulu na Kibondo usiku na mchana. Nazo barabara mwazijua. Njia kuu itokayo Nyakanazi kwa Kakonko, Kibondo na Kasulu imekuwa ikitiwa lami sehemu baada ya sehemu, nasi twashukuru. Lakini kigango hakikai juu ya lami. Ukiiacha njia kuu kwenda vigangoni, wakuta udongo mwekundu, makorongo yaliyochimbwa na mvua, na ile mikunjo midogo midogo ambayo madereva huiita rasta. Mkunjo mmoja si kitu. Lakini mikunjo elfu kumi kwa siku moja ni elfu kumi ya nyundo, na kila nyundo hupiga miguu ya mbele.

Haya, natuangalie jinsi miguu hii ilivyoundwa, maana asiyejua viungo hawezi kujua maumivu. Katika motokaa hizi ekseli ya mbele ni chuma kimoja kizima, kilichokingama toka gurudumu la kulia mpaka la kushoto, na ndani yake mna difu. Juu ya ekseli hukaa springi. Motokaa za zamani zina springi za mabamba ya chuma yaliyolaliana, ambazo wengine huziita kamani, nazo hufungwa kwenye ekseli kwa yubolti. Katika Land Cruiser hizi za mizigo na zile ndefu za kuchukua watu, tangu mwaka 1999 mbele huwekwa springi za koili, zilizojiviringa kama nyoka. Springi ya mabamba huchukua uzito na pia huishika ekseli mahali pake. Springi ya koili huchukua uzito tu. Kwa hiyo imewekwa mikono miwili ya chuma, kuume na kushoto, ya kuizuia ekseli isiende mbele wala nyuma, na chuma cha tatu cha kukingama, cha kuizuia isihame upande. Penye kila kiungo cha vyuma hivyo pana bushi ya mpira, ili chuma kisisagane na chuma.

Kisha ziko shokapu. Watu wengi hudhani shokapu ndizo zinazobeba motokaa. Sivyo. Uzito huchukuliwa na springi. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi, isiendelee kurukaruka baada ya shimo kupita.

Mwishoni mwa ekseli, kila upande, pana tufe la chuma, na hapo gurudumu hugeuka kulia na kushoto kama mlango ugeukavyo juu ya bawaba zake. Bawaba hizo ni beringi mbili ndogo, moja juu na moja chini, nazo huitwa beringi za kingpini. Gurudumu lenyewe huzunguka juu ya beringi nyingine mbili zilizo ndani ya habu. Msizichanganye beringi hizi na zile: za habu ni za kuzunguka, za kingpini ni za kugeuka. Tairodi huyaunga magurudumu mawili yageuke pamoja. Draglinki huleta amri kutoka boksi ya stelingi. Na ipo shokapu moja ndogo iliyolala ubavuni, ambayo huzuia vishindo vya barabara visifike mikononi mwa dereva. Nayo twaiita shokapu ya usukani. Mtakatifu Paulo aliwaandikia Wakorinto habari za mwili mmoja wenye viungo vingi. Nanyi mkilala chini ya motokaa mtaona fundisho hilo limeandikwa kwa chuma: bushi moja ya mpira ikifa, viungo vyote huteseka.

Sasa nitawaeleza jambo nililoliona kwa macho yangu katika parokia moja ya nyanda hizi, ambayo sitaitaja jina. Motokaa yake ilianza kutetemeka mbele. Ilipofika mwendo wa kilometa sitini kwa saa, na gurudumu likaangukia shimo dogo, usukani ulicheza kulia na kushoto kwa nguvu, hata dereva akalazimika kusimama kabisa ndipo itulie. Mtu mmoja akasema, "Ni shokapu." Wakanunua shokapu mbili. Mtetemo ukapungua kwa majuma mawili, ukarudi. Mwingine akasema, "Ni shokapu ya usukani." Ikanunuliwa, na motokaa ikatulia karibu miezi miwili, hata watu wakashukuru; kisha ukarudi mkali kuliko wa kwanza. Mara ya tatu wakanunua matairi. Kila mara mchango ulipita vigangoni, nami niliwaona akina mama wakileta debe la mahindi na vibaba vya maharagwe ili viuzwe. Mtetemo uliporudi mara ya tatu, wazee wakasema, "Si motokaa, ni dereva, anaendesha kama mwenda wazimu." Kijana yule akaondolewa kazini, na motokaa ikafungiwa.

Katika siku zile mama mmoja wa kigango cha mbali alishikwa na uchungu usiku, na uzazi ukawa mgumu. Walimchukua kwa pikipiki, ameketi kati ya dereva na mama mkwe wake, mpaka Hospitali ya Kabanga. Mama alipona, mtoto hakupona. Sisemi kwamba motokaa ingalimwokoa mtoto yule. Mungu peke yake ajuaye. Nasema tu kwamba motokaa ilikuwapo, imefungiwa chini ya mwembe, ina shokapu mpya na matairi mapya, wala hapakuwa na mtu aliyejua inaumwa nini.

Baadaye paroko alimwita mzee mmoja, fundi aliyekwisha kustaafu. Mzee yule hakuleta chombo cha kuuza. Alileta jeki, nondo moja na tochi. Alimtuma mtoto akamwite yule dereva aliyeondolewa, akamwuliza maswali mengi, kisha akaiinua motokaa. Akashika gurudumu juu na chini, akalitikisa, likacheza. Akamwambia, "Mwanangu, panda ukanyage breki, wala usiiachie." Kijana akaitika, "Naam, mzee," akakanyaga. Mzee akatikisa tena. Likacheza vile vile. Akasema, "Si beringi za habu. Ni kingpini." Walipofungua, beringi ya chini ilikuwa imekauka grisi, na bakuli lake limechimbika vijishimo kama uso wa mgonjwa wa ndui. Beringi zile na sili zake zilikuwa na bei ndogo kuliko tairi moja. Wazee wakaletewa beringi ile, wakaishika mmoja mmoja mkononi. Wakamwita kijana, wakamwambia pole mbele ya watu, wakamlipa mshahara wa siku alizokaa bure. Nawasifu kwa hilo, maana wapo wazee ambao wangaliona haya wakanyamaza.

Katika habari hiyo, vyombo vyote walivyonunua vilikuwa vizima na vya kweli. Mwuzaji hakuwadanganya. Shokapu ya usukani ilinyamazisha mtetemo kweli, kama dawa ya maumivu inyamazishavyo jino bovu, na huku jino laendelea kuoza. Ndiyo sababu nasema: motokaa nzima yapaswa kutulia kwa uzima wa viungo vyake, na shokapu ya usukani iwe msaidizi tu, isiwe mficha dhambi.

Basi ni utaratibu gani tuufuate? Nitauweka kwa hatua, ili mwalimu aweza kuuandika ubaoni na dereva kuubandika ukutani.

Hatua ya kwanza ni kusikiliza. Mwulizeni dereva: mtetemo huanza kwa mwendo gani? Ulianza lini, na kabla yake pana kazi gani iliyofanywa? Motokaa huvuta upande mmoja? Hugonga kwenye mashimo madogo, au kwenye makubwa tu? Hutangatanga barabarani kama mlevi? Kila jibu huelekeza mahali. Kugonga kwenye mashimo madogo aghalabu ni bushi au kichwa cha shokapu kilicholegea. Kutetemeka baada ya shimo ni beringi za kingpini, tairodi, au bushi za kile chuma cha kukingama. Kuvuta upande mmoja huweza kuwa upepo wa tairi, breki inayoshika, au ekseli iliyohama.

Hatua ya pili ni kuosha. Msicheke. Wakati wa masika udongo wetu mwekundu hujaa ndani ya rimu, ukakauka upande mmoja kama tofali, na gurudumu likazunguka na uzito usio sawa. Nimeona motokaa ikitetemeka vibaya, ikapona kwa ndoo mbili za maji na kijiti. Tena, chini ya matope huonekani ufa wala bolti iliyolegea.

Hatua ya tatu ni kutazama ikiwa imesimama mahali pa sawa. Pimeni upepo wa matairi. Kazeni nati za magurudumu. Pimeni kwa kamba toka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi juu yake, kulia na kushoto. Upande mmoja ukiwa chini, springi imechoka au imevunjika. Kwa springi za mabamba tazameni kama bamba moja limepasuka, na kama bolti ya katikati imekatika. Bolti hiyo ikikatika, ekseli husogea nyuma upande mmoja, na motokaa huenda mshazari kama kaa wa pwani. Tazameni na tufe la mwisho wa ekseli: likitoka majimaji meusi, sili ya ndani imekufa, na oili ya difu imechanganyika na grisi ikaiyeyusha. Hapo beringi za kingpini zinakula njaa, ijapokuwa bado hazijalia.

Hatua ya nne yahitaji watu wawili. Motokaa ikiwa chini, injini ikiunguruma, mmoja acheze usukani kidogo kidogo kulia na kushoto, wala asiugeuze wote. Mwingine alale mbele atazame kiungo kimoja kimoja, huku kidole chake kimegusa. Tairodi ikicheza ndani ya kichwa chake, mtaiona. Chuma cha kukingama kikihama kabla ya ekseli, bushi yake imekwisha. Na pale boksi ya stelingi ilipofungwa kwenye chesisi, tazameni sana, maana hapo chuma huweza kupasuka, na ufa wa hapo si jambo la kuahirisha hata siku moja.

Hatua ya tano ni ile ya mzee. Zuieni magurudumu ya nyuma kwa mawe makubwa. Inueni mbele kwa jeki, kisha wekeni stendi za chuma au magogo mapana chini ya ekseli. Asilale mtu chini ya motokaa iliyoshikwa na jeki peke yake, wala juu ya matofali, kwa maana tofali hupasuka bila kutoa habari. Shikeni gurudumu juu na chini, mtikise. Likicheza, mmoja akanyage breki. Mchezo ukikoma, ni beringi za habu, kwa kuwa breki imeishika habu isiweze kucheza. Mchezo ukibaki, ni kingpini. Kisha shikeni kulia na kushoto. Likicheza hivyo tu, ni tairodi.

Hatua ya sita ni bushi na shokapu. Ingizeni nondo kati ya mkono na ekseli, msukume: mpira uliopasuka utafunguka kama mdomo. Shokapu inayovuja oili imekufa. Nazo zisizovuja zina dalili yake: baada ya mwendo mrefu wa rasta, karibisheni mkono kwa uangalifu, shokapu inayofanya kazi huwa na joto, kwa sababu hugeuza vishindo kuwa moto. Ile iliyo baridi kati ya wenzake walio moto ni mtumishi aliyelala.

Ugonjwa ukijulikana, matengenezo yana sheria zake, nami nitataja zile ambazo huvunjwa mara nyingi. Beringi za kingpini hazifungwi kwa kukisia. Kuna pete nyembamba za chuma ambazo huongezwa au kupunguzwa, mpaka kugeuka kwake kuwe na uzito unaopimwa kwa mizani ya kuning'iniza. Kipimo kimo katika kitabu cha motokaa, na fundi asiye na kitabu na akitafute. Beringi za habu hukazwa huku gurudumu likizungushwa, zikalegezwa, zikakazwa tena kwa upole, kisha nati ya pili na kifungio chake huzuia isirudi. Ikikazwa mno huungua, ikilegea hujisaga. Bolti za bushi za mpira zikazwe mwisho kabisa motokaa ikiwa imesimama kwa uzito wake juu ya magurudumu. Ukizikaza ikiwa angani, mpira hukaa umejipinda siku zote, nao hupasuka upesi. Yubolti za springi mpya zikazwe tena baada ya safari ya kwanza, maana mabamba mapya hujilaza. Na baada ya kugusa tairodi, magurudumu yapimwe, kama yanatazama mbele sawasawa kwa kipimo cha kitabu. Vinginevyo matairi mapya yatalika ukingo mmoja kabla ya Noeli.

Liko na kosa lingine ambalo twaliona jema, nalo ni kuongeza bamba la springi au kuinua motokaa ili ibebe zaidi. Bamba la ziada halimpi ng'ombe mgongo mpya. Springi ikiwa ngumu mno, kishindo ambacho yeye alipaswa kukimeza humezwa na chesisi, nayo hupasuka. Na motokaa ya koili ikiinuliwa mbele, ekseli huzunguka kidogo, na gurudumu hupoteza ule mwelekeo wake wa kujirudisha sawa. Tazameni uma wa mbele wa baiskeli: umelala kidogo, haukusimama wima, ndiyo sababu baiskeli ikienda hujinyosha yenyewe. Motokaa nayo ina ulalo huo. Ukiuondoa, itatangatanga, na dereva atalaumiwa bure.

Nakuja kwa wajibu wetu, ambao si wa fundi peke yake. Mwajua habari ya yule wakili aliyeitwa atoe hesabu ya uwakili wake. Nasi tumewekewa chombo kilichonunuliwa kwa sadaka za watu wa mbali wasiotujua, na kinachotengenezwa kwa sadaka za watu wa karibu tunaowajua kwa majina. Nawasihi wazee wa parokia mambo manne.

La kwanza, pawe na daftari la motokaa. Katika daftari hilo liandikwe tarehe, kilometa, kilio cha dereva, kilichotazamwa, kilichoonekana, na kilichofungwa. Parokia ile niliyoitaja haikuwa na daftari. Kama ingalikuwa nalo, mtu angaliona kwamba grisi ya kingpini haikubadilishwa kwa miaka mingi. Daftari moja la shule latosha, na kila kigango kina mwalimu ajuaye kuandika.

La pili, motokaa itazamwe kwa hatua hizi sita kabla ya masika na baada ya masika, hata kama hailii. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tumejenga kuta nyingi.

La tatu, mchango wa vigangoni usiitishwe kwa neno la "huenda". Anayeomba fedha aje na ugonjwa unaojulikana. Ikiwezekana wazee waonyeshwe mchezo wa gurudumu kwa macho yao, na chombo cha zamani kirudishwe parokiani. Hivyo mama aliyeuza mahindi yake atajua yamenunua nini. Na beringi zinunuliwe kwa mtu anayejulikana. Beringi ya bandia ina sura nzuri ndani ya kikaratasi chake, lakini chuma chake ni laini, nayo haimalizi masika moja.

La nne, tumheshimu dereva na fundi. Dereva ndiye mwenye kuyasikia maumivu kwanza, kwa mikono yake. Akileta habari asikemewe. Naye ana wajibu wake: asikimbilie mwendo wa kasi juu ya rasta kwa kuwa motokaa yaonekana kupaa juu yake, ikipaa hivyo matairi hayaishiki barabara, na kona moja yatosha. Asipakie watu na magunia kupita kiasi kwa sababu ya huruma, maana huruma ya namna hiyo huvunja springi. Na vijana wetu wenye mikono myepesi wapelekwe wakasome ufundi katika chuo cha VETA. Mwanafunzi wa chuma naye ni mwanafunzi. Na parokia yenye fundi mmoja mwaminifu ina utajiri kuliko yenye motokaa mbili zilizolala.

Walimu wenzangu, huenda mtu akasema ya kuwa mambo haya si ya katekista. Nami namwuliza: padri akishindwa kufika kigangoni Jumapili ya Pasaka, ni nani anayesimama mbele ya watu kuwaeleza? Ni katekista. Mgonjwa akiomba Mpako na motokaa haiji, ni nani anayeketi naye mpaka asubuhi? Ni katekista. Basi na atazame chini ya motokaa mchana, ili asilazimike kueleza usiku.

Twamwomba Mungu, kwa maombezi ya Mtakatifu Kristofa msimamizi wa wasafiri, awalinde wote waendao katika njia zetu, wenye motokaa, wenye pikipiki, wenye baiskeli na waendao kwa miguu. Nanyi mkirudi parokiani, kabla ya kuuliza bei ya shokapu, ulizeni kwanza motokaa inaumwa nini.

Tumsifu Yezu Kristu. Milele na milele. Amina.